Uzi: Kutembea Mallorca kwa miguu kwa njia ya GR221, milima iliyojengwa kwa mawe bila saruji

Mtoto wa Mlalo (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna watu humu waliniomba nieleze habari za kutembea Mallorca, na nikaona jibu la mistari miwili litawanyima mengi. Nafungua uzi wake kabisa. Nitashusha kidogo kidogo, mwenye swali alirushe hapo hapo.

Tuanze na mahali penyewe. Mallorca ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Balearic, Hispania, upande wa magharibi wa bahari ya Mediterania. Ukilitaja jina hilo hapa Ujerumani ninapoishi, watu wanawaza fukwe, vitanda vya jua na bia. Hayo yako zaidi kusini na mashariki. Upande wa kaskazini-magharibi kuna safu ya milima yenye urefu wa kama kilomita 90, inaitwa Serra de Tramuntana, na sehemu nyingi inaporomoka moja kwa moja hadi baharini. Kilele kirefu kuliko vyote ni Puig Major, kinazidi mita 1,400, na juu yake kuna kituo cha rada cha jeshi, kwa hiyo raia hafiki. Sisi wa Usambara tuna milima inayopita mita 2,000, kwa hiyo urefu wenyewe usiwatishe.

GR221 ndiyo njia inayofuata safu hiyo, kutoka Port d'Andratx hadi Pollença. Ni kama kilomita 140, inategemea umepita mchepuko gani. Kwa Kikatalani wenyeji wanaiita Ruta de Pedra en Sec, njia ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka Tramuntana kwenye orodha ya urithi wa dunia, na iliiweka kama mandhari ya kitamaduni: matuta, mifereji, kuta na njia ambazo wakulima walizijenga kwa karne nyingi. Hilo ndilo ninalotaka mlishike kabla sijaendelea. Anayekwenda kule kutafuta vilele anapishana na kitu chenyewe. Kitu chenyewe kiko chini ya soli ya kiatu chako na kwenye ukuta unaokugusa bega.

Nitaendelea baada ya kazi.

Kidawa wa Shangani

Nimekaa mbele kabisa. Swali la haraka: hiyo njia ni ya kupanda kwa kamba, au mtu wa kawaida anaweza?

Mtoto wa Mlalo

Bi Kidawa, mtu wa kawaida anaweza. Hakuna kamba. Kuna kupanda na kushuka kwingi, na kushuka ndiko kunakochosha, kwa sababu njia nyingi zimetandikwa mawe na mawe hayana huruma kwa magoti. Ukiweza kutembea saa sita au saba na begi mgongoni, ukalala, ukaamka ukarudia, unatosha. Fimbo za kutembelea chukua mbili. Viatu viwe na soli ngumu, maana raba laini kwenye yale mawe utakuwa unahisi kila kokoto.

Naanza na njia yenyewe.

Kutoka Port d'Andratx unapanda kwenye vichaka na misonobari hadi Sa Trapa, magofu ya monasteri iliyojengwa na watawa waliokuwa wamekimbia Mapinduzi ya Ufaransa. Chini yako, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kinalala kisiwa cha Sa Dragonera. Eneo hilo lilinunuliwa mwaka 1980 na GOB, shirika la wenyeji la kulinda mazingira, na ndilo linalolitunza hadi leo. Ukiona miti meusi imesimama mikavu katikati ya mimea michanga, ujue ni alama za moto wa Julai 2013 ulioteketeza zaidi ya hekta 2,000 upande huu. Moto ule ulifunua kitu: misonobari ilipoungua, yakaonekana matuta ya mawe ambayo msitu ulikuwa umeyameza tangu wakulima walipoyaacha. Mlima mzima, kutoka juu hadi chini, ulikuwa shamba.

Mbele yake ni Estellencs, kisha Banyalbufar. Hapa punguza mwendo. Matuta yanashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye mwamba wa bahari, na katikati yake kuna matangi ya wazi ya kuhifadhi maji ya umwagiliaji. Waislamu walitawala kisiwa hiki tangu 902 hadi Mfalme Jaume wa Aragon alipovamia 1229, na ufundi mwingi wa maji unaouona milimani una mizizi kwao. Chemchemi iko juu, maji yanashuka kwa mfereji wa mawe, yanajaza tangi, halafu kila shamba linapata zamu yake.

Kutoka Banyalbufar hadi Esporles unafuata Camí des Correu, njia ya zamani ya posta. Ni fupi, ina kivuli cha mialoni, na mawe yake yamelainishwa na kwato na nyayo.

Abu Salha, Maskati

Assalaam alaykum. Ndugu, ulivyoeleza maji nimejiona niko Nizwa. Huku Oman tunaita falaj. Maji yanatoka juu kwa mfereji, na kila familia ina saa zake za kufungulia. Hisa ya maji inarithiwa na hata kuuzwa. Zamani walihesabu zamu kwa kivuli cha nguzo mchana na kwa nyota usiku. Aflaj tano za Oman ziliingia urithi wa dunia mwaka 2006. Huko Mallorca zamu bado zinafuatwa?

Mtoto wa Mlalo

Waalaykum salaam, Abu Salha. Katika bonde la Sóller na Banyalbufar bado utasikia maji yanakimbia mferejini na utaona vilango vidogo vya kufungulia. Mashamba yaliyoachwa ni mengi, kwa hiyo hekaheka ya zamani imepungua. Wachaga nao wana mifongo yao Kilimanjaro, na zamu vilevile. Mlima wenye chemchemi juu na mashamba chini humlazimisha binadamu kukaa kikao na majirani.

Fundi Nguzo Sita

Mimi ni fundi mwashi, niko Dodoma, mwaka wa ishirini na kitu kwenye kazi. Naomba unieleweshe. Ukuta wa kushikilia udongo wa mlima, hauna saruji, hauna nondo, hauna mkanda. Unasimamaje miaka mia? Mimi nikijenga ukuta wa hivyo bila zege, mvua ya kwanza unalala.

Mtoto wa Mlalo

Fundi, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja, na nitalijibu kwa urefu.

Juu ya Sóller nilikuta mafundi wanarudishia sehemu ya ukuta uliobomoka. Kwao fundi wa kazi hii anaitwa *marger*. Nilikaa kwenye jiwe nikawaangalia muda mrefu. Mmoja alikuwa na nyundo yenye ncha upande mmoja. Anaokota jiwe, analigeuza mkononi mara moja, anapiga pigo moja au mawili kwenye kona inayozidi, analiweka. Likicheza, halazimishi, analitoa na kuchukua jingine. Likikaa, anaingiza vijiwe vidogo kwa nyuma kama kabari, anavigonga, kisha anakanyaga jiwe lile kwa mguu mzima kulijaribu. Upande mrefu wa jiwe unaingia ndani ya ukuta, ule mfupi ndio unaoonekana nje. Na ukuta wenyewe umelalia mlima kidogo, hausimami wima kabisa.

Sasa njoo nyuma ya sura ya ukuta. Kati ya mawe makubwa na udongo wa mlima wamejaza mawe madogo madogo, tabaka nene. Mvua ikinyesha, maji yanapenya udongo, yanafika kwenye yale mawe madogo, yanashuka na kutokea kwenye nyufa za ukuta. Hayakusanyiki. Wewe unajua kuliko mimi: kinachoangusha ukuta wa kushikilia udongo mara nyingi ni maji yaliyojaa nyuma yake yakakosa pa kutokea. Ukuta wa zege usiotobolewa matundu unafura tumbo, kisha unapasuka. Huu wa mawe matupu ni matundu tangu chini hadi juu. Na ukisogea kidogo, unasogea bila kupasuka, kwa sababu hakuna kilichogandishwa.

Penye maji mengi wanaongeza mfereji wa chini kwa chini, umefunikwa kwa mawe bapa, unapita chini ya shamba na kutoa maji upande wa pili.

Hata njia yenyewe ina ufundi huo. Kila baada ya hatua chache utaona mstari wa mawe yaliyoinuliwa kidogo, umekata njia kwa mshazari. Wengi wanadhani ni ngazi. Kazi yake ni kutupa maji ya mvua pembeni kabla hayajapata kasi ya kung'oa mawe. Na ngazi halisi ni za chini na pana, kwa sababu zilijengwa kwa ajili ya baghala aliyebeba mzigo, yule mtoto wa punda na farasi. Ukishapata mwendo wa baghala, unapanda bila kuhema.

Ufundi huu ulikaribia kupotea wakulima walipohamia kazi za hoteli. Miaka ya 1980 ikaanzishwa shule ya kufundisha vijana, na sasa Consell de Mallorca, serikali ya kisiwa, ina mafundi wake wa kudumu wa kukarabati njia na kuta.

Fundi Nguzo Sita

Sasa nimekuelewa, na nimejifunza. Hiyo tabaka ya kokoto nyuma ndiyo siri yote. Nitawaonyesha vijana wangu hapa saiti.

Nyatike Asili

Mgosi, sisi Migori tunayo hii. Thimlich Ohinga. Kuta za mawe bila kitu chochote cha kugundisha, inakadiriwa zilianza karne ya 16, kwingine zinafika zaidi ya mita nne kwenda juu. Zimejengwa kwa tabaka tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati wamejaza mawe madogo. Zimesimama mpaka leo. Ziliingia urithi wa dunia 2018. Nasikitika watu wa Nairobi wengi hawajawahi kufika, barabara iko na si mbali na mji wa Migori.

Mtoto wa Mlalo

Ahsante sana Nyatike, na angalia mwaka huo. 2018 hiyo hiyo UNESCO iliandika ufundi wa kujenga kwa mawe bila saruji kwenye orodha ya urithi usioshikika, kwa maombi ya nchi nane: Hispania, Ufaransa, Italia, Ugiriki, Kroatia, Slovenia, Kupro na Uswisi. Kuta za Thimlich ziliingia kama mahali, kazi ya mikono ya wale wa Mediterania ikaingia kama ujuzi. Ningependa siku moja ujuzi wa wazee wa Nyatike uandikwe vilevile, maana ukuta hautengenezwi na orodha, unatengenezwa na mtu anayejua jiwe gani likae wapi.

Nasonga mbele.

Valldemossa na Deià ni vijiji vizuri na vimejaa mabasi ya watalii. Pita, kunywa kahawa, endelea. Kipande kizuri ni kile kilicho kati yao kwa juu, ambako Ludwig Salvator, mwana wa kifalme wa Austria aliyehamia kisiwani karne ya 19, alinunua mashamba na kuchonga njia kwenye ukingo wa mlima ili aangalie bahari. Angani tazama tumbusi mweusi. Mbawa zake zikitandazwa zinakaribia mita tatu.

Sóller ndio mji wa kupumzika. Bonde la michungwa, milima imelizunguka pande zote. Kabla ya reli ya Palma kufunguliwa 1912, ilikuwa rahisi kwa watu wa Sóller kupakia machungwa kwenye jahazi kwenda kusini mwa Ufaransa kuliko kuvuka mlima kwenda mji mkuu wao wenyewe. Treni ile ya mabehewa ya mbao bado inafanya kazi, na tramu ya kwenda bandarini ni ya 1913.

Kutoka Sóller unaingia Biniaraix, na hapo ndipo penye moyo wa njia nzima. Korongo la Biniaraix ni njia ya ngazi za mawe inayopanda kona kwa kona, kuta za matuta ya mizeituni kulia na kushoto zinafika pasipofikika. Kuna mahali nilihesabu kwa macho tuta juu ya tuta mpaka shingo ikauma, na tuta la mwisho lina upana wa mzeituni mmoja. Mmoja tu. Kuna mtu alibeba mawe hadi pale, akajenga ukuta, akapandisha udongo, ili apate mti mmoja zaidi. Mizeituni yenyewe ni mizee, mashina yamejisokota na kutoboka katikati, na bado inazaa. Nendeni asubuhi, saa moja au saa mbili, kabla jua halijaingia korongoni.

Dada wa Mikindani

Hapo kwenye tuta la mti mmoja nimesimama kusoma. Naomba utuambie pia watu waliishije huko juu, siyo kuta tu.

Mtoto wa Mlalo

Dada, nilikuwa naelekea huko huko.

Baada ya korongo unavuka kipito cha l'Ofre, unashuka kwenye bwawa la Cúber linalopeleka maji Palma, kisha unazunguka hadi Tossals Verds, shamba la zamani ambalo sasa ni nyumba ya kulala wapita njia. Mgeni hafiki pale kwa gari, anafika kwa miguu. Katika misitu ya mialoni utakutana na miduara bapa iliyozungushiwa mawe, majani yameota vizuri juu yake. Hayo ni matanuri ya mkaa. Familia nzima ilihamia msituni msimu wa kiangazi, ikajenga kibanda cha mawe na kuezeka kwa nyasi na matawi. Walipanga magogo kama kuba, wakafunika kwa matawi na udongo, wakachoma polepole kwa siku nyingi. Mtu alilazimika kuamka usiku kuziba kila ufa uliotoa moshi vibaya, vinginevyo tanuri zima linageuka majivu. Mkaa ulipikia Palma hadi gesi ya mitungi ilipoenea katikati ya karne ya 20. Baada ya hapo msitu ukarudi. Nilivyosimama kwenye mduara mmoja niliwaza Handeni na Kilosa, na mama zetu wa mjini wanaosubiri gunia.

Utaona pia matanuri ya chokaa, mashimo ya mviringo yaliyojengwa kwa mawe, ambamo moto uliwaka usiku na mchana kwa siku mfululizo.

Halafu juu zaidi, baada ya Coll des Prat penye mita zaidi ya 1,200, kuna nyumba za theluji. Ndiyo, theluji. Milima hii hupata theluji wakati wa baridi. Watu walipanda juu, wakaisomba kwa mabeseni na koleo, wakaimwaga kwenye shimo kubwa lililojengewa kuta za mawe, wakaikanyaga hadi ikawa barafu ngumu, tabaka moja, majani, tabaka jingine, majani. Shimo likafunikwa. Kiangazi kikifika, mabonge yalikatwa na kushushwa kwa baghala usiku, ili jua lisiyakute njiani, hadi Palma kwa ajili ya wagonjwa wa homa, vinywaji na vyakula vya matajiri. Kazi hiyo ilikufa mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya barafu vilipokuja. Karibu na Lluc kuna ile ya Galileu iliyokarabatiwa. Utashuka kwa njia ya kona nyingi waliyoijenga wakusanya theluji wenyewe. Fikiri mtu anajenga barabara ya mawe ya namna ile kwa ajili ya bidhaa inayoyeyuka.

Lluc ni monasteri na mahali pa hija, kanisa lina sanamu nyeusi ya Bikira Maria na kwaya ya watoto iliyoanza 1531. Kila Agosti maelfu ya wenyeji hutembea usiku kucha kutoka Palma hadi hapo. Kutoka Lluc hadi Pollença ni mteremko mwepesi, hamtahitaji maelezo yangu.

Kidawa wa Shangani

Chokaa! Babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Unguja tulichoma matumbawe juu ya magogo yaliyopangwa mviringo, na ndiyo iliyojenga Mji Mkongwe. Wao wanachoma jiwe la mlima?

Mtoto wa Mlalo

Naam, wanachoma mawe chokaa ya mlima wenyewe, kisiwa karibu chote ni jiwe hilo. Moto mkali, maji, unga mweupe, kanuni ni ileile ya babu. Ajabu ni kwamba chokaa walikuwa nayo tele, ila kwenye matuta hawakuitumia. Waliiweka kwenye nyumba na matangi. Walijua ukuta wa shamba unatakiwa upumue.

Juma Leicester

Mkuu, tuje kwenye mambo ya karatasi na mfuko. Mimi niko Uingereza na pasipoti ya Tanzania. Viza vipi? Kulala vipi?

Mtoto wa Mlalo

Juma, kibali chako cha Uingereza hakikuingizi Hispania. Unahitaji viza ya Schengen. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15, miadi hujaa. Anayeishi nchi ya Schengen kwa kibali halali kama mimi anasafiri nacho na pasipoti yake, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Aliye Dar au Nairobi ni viza vilevile.

Kulala: Consell de Mallorca ina nyumba kadhaa za wapita njia. Can Boi iko Deià, ndani ya nyumba ya zamani yenye kinu cha mafuta ya zeituni. Muleta iko karibu na mnara wa taa wa Port de Sóller. Tossals Verds nimeitaja. Son Amer iko Lluc, Pont Romà iko Pollença. Ni vitanda vya ghorofa kwenye chumba cha pamoja, chakula cha usiku unaagiza. Lazima uweke nafasi mapema, na Machi hadi Mei pamoja na Oktoba zinajaa wiki nyingi kabla. Sehemu ya magharibi nyumba hizi ni chache, kwa hiyo Estellencs na Esporles utalala hoteli ndogo au nyumba ya wageni, na hapo ndipo pesa inapoondoka. Kupiga hema ovyo milimani hairuhusiwi.

Majira: Machi hadi Mei, au mwisho wa Septemba hadi Novemba. Julai na Agosti msithubutu, joto ni kali na chemchemi nyingi zinakauka. Beba maji lita mbili hadi tatu kila asubuhi hata kama ramani inaonyesha chemchemi. Vuli ina mvua za ghafla: Oktoba 2018 mafuriko ya saa chache huko Sant Llorenç, mashariki mwa kisiwa, yaliua watu 13. Mawingu yakifunga, usiingie korongoni. Namba ya dharura ni 112. Faida ya mwisho wa Aprili ni kwamba jua linazama karibu saa mbili na nusu usiku, una mwanga wa kutosha.

Alama za njia ni vibao vya mbao vyenye maandishi GR 221, na kwenye miamba watu hurundika vijiwe kuonyesha mwelekeo. Sehemu kadhaa za magharibi zinapita kwenye mashamba ya watu binafsi na kuna migogoro ya muda mrefu kuhusu haki ya kupita, hadi mahakamani. Mimi niliwahi kukuta geti limefungwa kwa kufuli na kibao cha kukataza. Usiruke. Fuata mchepuko, na kabla ya safari angalia tovuti ya Consell kama kuna kipande kimefungwa.

Mwanakombo

Sisi tunaoangalia halali tutakula nini? Na sehemu ya kusali?

Mtoto wa Mlalo

Swali muhimu, Mwanakombo. Vyakula vingi vya kienyeji vina nguruwe hata visipoonekana. Sobrassada ni soseji ya nguruwe. Ensaïmada, ule mkate mtamu wa mviringo unaouzwa kila mahali, unakandwa kwa mafuta ya nguruwe, na hili watu wengi hawaambiwi. Supu ya kabichi na mkate muulize mpishi kwanza. Unachoweza kula kwa amani: *pa amb oli*, mkate uliosuguliwa nyanya na kumiminiwa mafuta ya zeituni, agiza na jibini, *tumbet*, ambayo ni viazi, biringanya, pilipili hoho na nyanya, samaki, mayai, machungwa ya Sóller, na lozi. Nyumba za kulala waambie unapoweka nafasi, wanapika bila nyama. Kusali, mlima wote ni wako. Matuta ya zamani ni tambarare na makavu.

Mzawa Halisi

Nina neno, na nalisema kwa nia njema. Wewe ni mtoto wa Mlalo. Kuna njia Lushoto hadi Mtae, ukuta wa mlima unaanguka nyikani, unaiona Mkomazi yote. Kwa nini utupeleke Hispania? Halafu nimesoma wenyeji wa huko wenyewe waliandamana hawataki watalii.

Mtoto wa Mlalo

Ndugu, maneno yako yana uzito na sitayapita juu juu.

Ni kweli, 2024 maelfu waliandamana Palma. Hasira yao ni kodi za nyumba: walimu na wauguzi wanakosa pa kuishi kwa sababu nyumba zinapangishwa wageni kwa wiki. Mimi ni muuguzi, naielewa hasira hiyo. Anayetembea akilala kwenye nyumba za Consell, akapanda basi badala ya kukodi gari, akala kwenye mgahawa wa kijiji nje ya msimu wa joto, mzigo wake ni mdogo na pesa yake inabaki mlimani. Hajawa mtakatifu, ila ni tofauti na yule wa nyumba ya wiki.

Kuhusu Mtae, nimeitembea tangu utotoni kwenda kwa bibi. Ndiyo maana kule Tramuntana niliumia na kufurahi kwa pamoja. Wao wana njia ya baghala na ya mpeleka barua, wakaiweka alama, wakajenga vyumba vya kulala, wakaajiri mafundi wa kudumu. Sisi njia zetu za kwenda gulioni bado zinatumika, bado zinaishi, na mvua ikizikata tunazunguka. Halmashauri ikitaka mfano wa kuanzia hauhitaji kuwa Kilimanjaro na mageti yake. Kibao cha mbao kila njia panda, chumba safi Rangwi na Mambo, na vijana wanaolipwa kutengeneza mitaro. Nitakuwa wa kwanza kufungua uzi wa hiyo njia.

Mzawa Halisi

Hapo tumeelewana kabisa, mgosi. Uanze kuuandaa huo uzi.

Dada wa Mikindani

La mwisho. Mimi nitakuwa na siku moja tu, meli yetu inasimama Palma. Nifanye nini?

Mtoto wa Mlalo

Dada, shuka mapema, panda basi la Palma kwenda Sóller, lina haraka kuliko ile treni ya mbao. Kutoka uwanjani mwa mji tembea hadi Biniaraix, ni kama nusu saa kati ya bustani za machungwa. Panda korongo kwa saa moja na nusu, kisha geuka urudi njia hiyo hiyo. Usijaribu kuvuka hadi Cúber ukitegemea basi la mlimani, halifanyi kazi mwaka mzima na linapita mara chache, na meli haisubiri mtu. Maji lita mbili, kofia, viatu vyenye soli ngumu. Ukishuka, duka lolote la matunda Sóller litakukamulia juisi ya machungwa.